Balbu Isiyozimwa

Friji bovu alilotuachia marehemu Shomari,
lililogandisha ubuyu wa mifuko miaka tisa,
nimelitoboa tundu nne kwa msumari wa moto,
nikalitundikia balbu ya wati sitini,
chini bakuli la maji, hewa isikauke.
Kazi yake ilikuwa baridi. Uzeeni limepewa joto.

Mayai thelathini ya kienyeji, kutoka Chanika.
Nimeyapakata hadi Yombo kama mtoto wa watu.
Kila moja nikalichora kwa penseli:
huku msalaba, huku duara.
Alfajiri msalaba juu, adhuhuri duara, usiku msalaba,
kesho kinyume chake.
Mara tatu, si mbili:
yai lisirudie kulalia ubavu wa jana.

Mita ni moja, vyumba ni sita.
Siku ya tano Sikudhani wa chumba cha pili
alisimama mlangoni pangu, ufagio mkononi.
"Mama Tabu, unapika nini usiku kucha?
Uniti zinakwenda kama zimemwagwa mchangani."
Ninaatamia, nikamjibu.
Akanitazama mvi, akanitazama tumbo,
akaenda kunisimulia bombani.

Siku ya saba nikafunga dirisha,
nikawasha tochi ya simu, nikaliegemeza yai juu yake.
Ndani: buibui mwekundu,
miguu yake mishipa,
na katikati nukta inayoruka, inayoruka.
Nilisahau kupumua.
Manne yalikuwa maji matupu.
Sikuyakaanga. Sijui kwa nini.
Nimeyamwaga shinani mwa mpapai.

Siku ya kumi na nane mkono unakatazwa.
Hakuna kugeuza tena, hakuna kufunguafungua.
Mkono wenyewe hausikii:
adhuhuri naukuta umeshafika kwenye kitasa.

Usiku wa kumi na tisa, saa nane,
mita ikalia pii, pii, ikanyamaza.
Simu yangu haina hata shilingi.
Nikachochea mkaa, nikajaza maji moto kwenye chupa,
nikalizungushia friji kanga, shuka,
koti la Shomari ambalo sijawahi kulifua.
Mayai mawili ya karibu na mlango nikayatia kifuani.
Moja lilinipiga teke. Naapa.

Mlango wa chumba cha pili ukafunguka.
Sikudhani, amejifunga khanga ya kulalia,
uso umemulikwa na simu yake.
"Nisomee namba ya mita."
Nikaisoma. Akanunua. Ujumbe ukaingia.
Tarakimu ishirini: yeye anataja, mimi nabonyeza.
Nikakosea kwenye ya kumi na sita,
tukaanza upya, ananitajia polepole
kama anayemfundisha mtoto kuhesabu.
Balbu ikafumbua jicho.
"Utanilipa jogoo," akasema, akarudi kulala.

Nimezoea hodi za nje:
ya mwenye nyumba, ya muuza dagaa, ya msiba.
Hii ya siku ya ishirini na moja ilitoka ndani.
Ngo. Kimya. Ngo, ngo.
Ufa kama unywele, kisha mdomo, kisha kuchoka,
saa nzima ya kuchoka,
nami nimeikalia mikono yangu,
maana ukimbandulia ganda umemuua.
Nikasema tu, karibu. Karibu, mwanangu, pita.

Kumi na tisa wamepita.
Wamelowa, wabaya, wanalia kama walioibiwa.
Sita hawakubisha hodi kabisa.
Mmoja alibisha, akatoa mdomo, akakomea hapo.
Huyo Sikudhani ndiye aliyekaa naye hadi magharibi,
kigoda ubavuni mwa friji, hataki chai,
na sikumuuliza jambo,
maana nakumbuka alivyorudi kutoka hospitali mwaka juzi,
mikono mitupu, kitenge kipya bado kimekunjwa.

Leo nimewatoa uani waone jua.
Nahesabu: kumi na tisa.
Sikudhani anahesabu: kumi na tisa,
ameshamchagua wake, anadai ndiye jogoo.
Juu ya ukuta wa jirani kunguru watatu
wanainamisha shingo, huku, huku,
nao wanahesabu.